Damu ya Wahavasupai, na zile fomu zilizobaki chini ya kitanda changu

Mwezi uliopita nilihama keja. Si mbali, ni kutoka ploti moja hadi nyingine mtaa huo huo, lakini hata ukihama mita mia mbili lazima utoe kila kitu kilicho chini ya kitanda. Huko chini nikapata chaja mbili zilizokufa, noti zangu za mwaka wa pili chuoni (sijui nilikuwa naziwekea nini) na bahasha kubwa ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala 31 za fomu. Nikakaa chini, mkokoteni ukiningoja nje.

Wacha niwaeleze hizo fomu ni za nini.

Nilipoacha chuo, karo ikiwa imeshinda mzee na mimi pia nikiwa nimechoka, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kukusanya data. Hiyo kazi mnaijua. Kama hujaifanya, kuna binamu yako ameifanya. Unapewa fulana yenye nembo, tableti, begi, na unaambiwa nyumba kumi na mbili kwa siku. Utafiti wetu ulikuwa wa sukari na presha. Mimi nauliza maswali, sista tuliyetembea naye anapima presha na kutoa damu kidogo kwa mkono, tunaenda nyumba inayofuata.

Kabla ya yote hayo, mtu anafaa kusomewa fomu ya kukubali. Kurasa nne. Moja iliyotiwa sahihi inabaki na sisi, nakala inabaki na yeye, na kwa hiyo nakala kuna namba ya simu ya kupiga kama una swali au ukibadilisha mawazo. Kwa Kiswahili ilikuwa imeandikwa Kiswahili cha kamusi ambacho hata mwalimu wangu wa Kiswahili angekiomba radhi. Kwa hivyo nilikuwa na wimbo wangu wa sekunde kumi: "Hii ni mambo ya sukari na presha, ni ya bure, weka sahihi hapa chini."

Ukurasa wa tatu ulikuwa na aya inayosema kwamba damu itakayobaki itahifadhiwa na inaweza kutumika kwa tafiti nyingine baadaye. Niliisoma siku ya mafunzo. Sikuwahi kumsomea mtu. Si kwa ubaya, ni hesabu tu: ukisoma hiyo aya watu wanauliza maswali, na ukiulizwa maswali hufikishi nyumba kumi na mbili.

Kuna shosho mmoja aliuliza hata bila kusomewa. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Sista alipomaliza, akanitazama mimi, si sista, akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo damu ikibaki mnaipeleka wapi?"

Nikamwambia, "Inamwagwa, shosho."

"Na majibu?"

"Tutawaletea."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Na nakala nilikuwa nimeacha kuzigawa siku ya tatu, kwa sababu kutoa karatasi, kueleza ni ya nini, yote ni muda. Supavaiza hakuwahi kuuliza. Ndiyo maana 31 zilikuwa chini ya kitanda changu.

Sasa, usiku huo nikiwa keja mpya sina stima, nilikumbuka stori moja ambayo lekchara mmoja aliitaja chuoni kwa dakika mbili hivi, akaruka. Nikaanza kuitafuta. Nimekuwa nikiisoma tangu hapo.

Huko Marekani, jimbo la Arizona, chini kabisa ya Grand Canyon, kuna kijiji kinaitwa Supai. Hakuna barabara ya gari. Unashuka kwa miguu karibu kilomita 13, au kwa farasi, au kwa helikopta. Barua zinapelekwa na nyumbu hadi leo. Wanaoishi hapo wanaitwa Havasupai, jina linalohusu maji ya buluu-kijani, na ukiona picha za maporomoko yao utaelewa kwa nini. Ni watu wachache sana, mia kadhaa tu. Zamani ardhi yao ilikuwa kubwa, sehemu za juu za bonde pia zilikuwa zao. Mwaka wa 1882 serikali ikawabana kwenye ekari 518 huko chini. Walipigania ardhi hiyo miaka mingi, na mwaka wa 1975 ndipo wakarudishiwa kipande kikubwa. Wekeni hiyo ya ardhi akilini, itarudi.

Miaka ya themanini kisukari kilikuwa kinawamaliza. Watu wakikatwa miguu, wengine wakilazimika kuhama bondeni kabisa kwenda kuishi karibu na mashine za kusafisha damu. Na hapa kuna kitu ambacho watu hukosa kwa hii stori: Wahavasupai hawakuwa watu wa kukimbia sayansi. Ni wao waliomwendea mtafiti. Kulikuwa na mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona aitwaye John Martin, aliyekuwa anawatembelea tangu miaka ya sitini, wanamjua, wanamwamini. Mwaka wa 1989 wakamwomba usaidizi kuhusu sukari. Yeye akamleta mwenzake wa chuoni, mtaalamu wa jeni, kuangalia kama kisukari chao kinatokana na urithi. Kati ya mwaka wa 1990 na 1994 watu wakatoa damu.

Walivyoelewa wao, damu ni ya sukari. Fomu waliyotia sahihi ilisema ni ya kuchunguza sababu za matatizo ya kitabia na ya kiafya. Soma tena hapo. Matatizo ya kitabia na ya kiafya. Hiyo sentensi ina nafasi ya kuingiza lori. Wengi waliotia sahihi Kiingereza haikuwa lugha yao ya kwanza, na wengine shule hawakuwa wamefika mbali.

Utafiti wa kisukari haukufika mbali, jeni walilokuwa wanalitafuta halikuwapa jibu. Lakini damu ilikuwa bado iko kwenye friza. Na damu ya jamii ndogo iliyoishi mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa mtaalamu wa jeni, ni dhahabu. Ikatumika kuchunguza skizofrenia. Ikatumika kupima ni kiasi gani watu wa kijiji wamezaana ndani ya ukoo. Ikatumika kwa utafiti wa uhamaji, ule unaosema mababu wa wenyeji wa Amerika walitoka Asia. Sampuli zikapelekwa hadi kwa maabara nyingine. Makala zikaandikwa, shahada zikapatikana.

Kwa miaka hiyo yote, huko chini bondeni watu walikuwa wanangoja majibu ya sukari.

Mtu atasema, sasa shida iko wapi? Damu ni ileile, hakuna aliyeumia, na kama mababu walitoka Asia basi walitoka Asia, ukweli ni ukweli. Nimeona hiyo hoja sana na sitasema ni ya kijinga. Mtaalamu wa jeni mwenyewe alijitetea kwamba fomu ilimruhusu. Lakini fikiria uko upande wao. Mafundisho yao yanasema walitokea kwenye bonde hilo, na kutoka huko ndiko viongozi wao wanaona haki yao ya kumiliki hiyo ardhi inaanzia. Watu walionyang'anywa ardhi tangu 1882 damu yao inachukuliwa, kwa ahadi ya dawa, kutengeneza ushahidi kwamba wao pia ni wageni tu waliokuja. Na hiyo ya kuzaana ndani ya ukoo, jaribu kuisema kwa shosho yako sebuleni uone. Kuhusu skizofrenia sijui hata nianzie wapi. Hebu fikiria kijiji cha watu mia kadhaa kinaandikwa kwenye jarida kuhusu ugonjwa wa akili, na kijiji chenyewe hakijui.

Kama wangeulizwa, labda wangekubali. Labda wangekataa. Hatutajua, kwa sababu hilo swali halikuulizwa.

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi, na ninaipenda kwa sababu zangu mwenyewe kama mtu aliyeacha chuo. Machi 2003, kwenye chuo hicho hicho, mwanafunzi mmoja wa PhD alikuwa anatetea tasnifu yake, na tasnifu ilikuwa imetumia damu ya Wahavasupai. Martin alikuwa amegundua kilichokuwa kikiendelea, akamwalika mwanamke wa Havasupai aitwaye Carletta Tilousi. Tilousi alikuwa mmoja wa wale waliotoa damu. Mnajua hivyo vyumba vya chuo vilivyo. Projekta, wazee wa suti, maneno marefu, kila mtu anatikisa kichwa. Mwisho yanakuja maswali. Tilousi akainua mkono na kuuliza kama kulikuwa na ruhusa ya kutumia ile damu.

Swali moja tu. Hakukuwa na jibu la kumridhisha. Kwa mara ya kwanza tangu 1990, mwenye damu alikuwa ndani ya chumba ambamo damu inajadiliwa.

Miezi michache baadaye baraza la kabila likakipiga marufuku chuo kizima kukanyaga ardhi yao. Marufuku kabisa. Si mtafiti mmoja, chuo. Mwaka wa 2004 wakaenda kortini. Korti ya chini ikaitupa kesi, korti ya rufaa mwaka wa 2008 ikairudisha. Chuo kilitumia dola milioni 1.7 kwa mawakili, halafu Aprili 2010 kikaamua kumaliza mambo nje ya korti: dola 700,000 kwa watu 41, pamoja na misaada mingine, na damu iliyobaki irudishwe. Piga hesabu hapo, mawakili walikula zaidi ya mara mbili ya kile walichopata wenye damu.

Wawakilishi wa kabila wakaenda hadi kwenye friza. Baadhi ya wenye ile damu walikuwa wameshafariki. Waliokwenda waliimba kwa lugha yao na wakalia. Halafu wakairudisha nyumbani.

Gharama nyingine haikuandikwa kwenye hundi. Kuna waliokuwa na kisukari ambao baada ya hayo waliogopa hata kwenda kliniki kutolewa damu ya kupimwa. Yaani ule ugonjwa uliowafanya waite watafiti, sasa walikuwa wanauogopa pamoja na tiba yake. Nikiskia watu kwenye mijadala wakisema eti watu wa mtaani ama wa mashambani hawaamini hospitali kwa sababu hawajasoma, nawaza hiki kijiji. Hawa waliamini. Waliamini kwanza, wakatoa mkono kwanza. Kutoamini kulikuja baadaye, na kulikuwa na sababu nzuri.

Tilousi hakuwa wa kwanza kuinua mkono hivyo. Miaka 15 kabla yake, mwaka wa 1988, huko Nyuzilandi kulikuwa na mkutano kuhusu wanafunzi wa Kimaori wanaosomea uuguzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akasimama akasema kitu cha namna hii: nyinyi mnatufundisha usalama wa kisheria, usalama wa kimaadili, usalama wa kazi ya wodini, je, usalama wa kitamaduni? Alikuwa msichana tu wa mwaka wa kwanza. Lakini kulikuwa na muuguzi Mmaori aitwaye Irihapeti Ramsden aliyelichukua hilo neno na kulifanyia kazi hadi mwaka wa 1992, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilipoliingiza kwenye mafunzo. Kulikuwa na kelele kwa magazeti na bungeni, watu wakidai ni siasa inaingizwa hospitalini.

Wazo la Ramsden si lile la semina, kwamba muuguzi akariri mila za Wamaori kama orodha: hawa hawaguswi kichwa, wale hawali hiki. Alilipinga hilo kabisa. Alisema muuguzi ajiangalie yeye mwenyewe kwanza, atoke wapi, ana nguvu gani juu ya huyu mtu aliyelala kitandani. Na anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni yule aliyehudumiwa. Si supavaiza, si ripoti. Kwa kipimo hicho, mimi na tableti yangu tulikuwa salama kwa kila fomu, sahihi zote 31 na mamia mengine, na hatukuwa salama kabisa kwa shosho.

Kwa Afrika pia watu wamechoka kungoja kuulizwa. Wasan wa Afrika Kusini waliandika masharti yao wenyewe na kuyatangaza mwaka wa 2017. Walikuwa na sababu. Mmea wa hoodia, ambao mababu zao waliutafuna kuzuia njaa wakiwinda, ulikuwa umesajiliwa hataza na taasisi ya utafiti ya serikali miaka ya tisini bila wao kuambiwa, hadi makubaliano ya kugawana faida yakapatikana mwaka wa 2003. Halafu mwaka wa 2010 jarida la Nature likachapisha jenomu za wanaume wa Kisan wa Namibia, na viongozi wao wakalalamika kwamba hawakuulizwa kama jamii na kwamba kuna mambo ya ndani yaliyoandikwa humo. Watafiti wakasema wana ruhusa ya serikali na wamerekodi kwa video waliohojiwa wakikubali. Unaona? Tena ni ile ile, karatasi iko sawa. Masharti ya Wasan yana maneno manne: heshima, uaminifu, haki, na kujali. Kiongozi wao mmoja, Andries Steenkamp, ambaye hakuishi kuyaona yakitangazwa, alikuwa akiwaambia watafiti waache kuingilia dirishani, wapitie mlangoni.

Na kama unadhani hayo ni mambo ya mbali, huo mradi uliowasaidia Wasan ulikuwa na mguu wake mwingine hapa Nairobi. Wanawake wa Majengo, Pumwani, wanaofanya kazi ya ngono, wamekuwa wakitoa damu kwa utafiti tangu miaka ya themanini. Baadhi yao walikutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi mno bila kuambukizwa, na dunia nzima ya sayansi ikaja kuangalia kwa nini. Wanawake hao walialikwa kwenye mradi kama watu wa kusema, si wa kudungwa tu, na waliyoyasema yaliingia kwenye kanuni za utafiti zilizozinduliwa Brussels mwaka wa 2018 dhidi ya watafiti wa nchi tajiri wanaokuja nchi maskini kufanya wasiyoweza kufanya kwao. Majengo. Unapitia hapo ukienda Gikomba kununua viatu.

Basi. Wiki tatu zilizopita nilichukua bahasha nikarudi mtaa ule. Sikuwa na fulana wala tableti na nilijiskia uchi. Nilipata watu watano tu, wengine wamehama, nyumba mbili zimebomolewa. Kaka mmoja alinicheka, akatumia karatasi kushika sufuria ya moto mbele yangu. Haki yake.

Shosho alikuwa mlangoni palepale. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha, akauliza, "Umeleta majibu?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilimdanganya, damu haikumwagwa. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniambia nivute kigoda, nimsomee karatasi yote, kuanzia juu. Nikasoma. Kile Kiswahili cha kamusi nilikitafsiri kwa Kiswahili chetu mstari kwa mstari, ilichukua karibu nusu saa, na alinisimamisha mara nyingi. Kwa ukurasa wa tatu aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Mimi sijasema wasiitumie," akasema. "Nataka kujua inatumika kwa nini. Na presha yangu ilikuwa ngapi ile siku? Sijawahi kuambiwa."

Tukapiga namba kwa simu yangu, tukaweka spika. Mara ya tatu ikashikwa. Dada mwenye heshima sana akasikiliza yote, akasema shosho ana haki ya kuuliza na hata kutoa damu yake kwenye utafiti, anahitaji tu namba ya mshiriki. Iko juu ya fomu, upande wa kulia.

Nikaangalia juu, upande wa kulia. Kuna kisanduku, na kilikuwa wazi. Ile namba ilikuwa inafaa kuandikwa na mimi.

Yule dada akachukua jina, mtaa na mwezi tuliopita pale, akasema watatafuta kwa njia hiyo. Shosho aliikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake pamoja na kadi ya kliniki. Nimepiga tena mara mbili. Wanasema bado wanaangalia. Nimebaki na nakala 26, na Jumamosi narudi kutafuta waliohamia upande wa pili wa mto.